Hivi kichwa changu ni mali ya Serikali? Sheria na uhuru wa mtu binafsi

#1 Abiria wa Mabibo

Wakuu, salaam.

Jana asubuhi nimepanda boda kuwahi kazini. Kabla hatujafika Tabata trafiki katusimamisha. Kosa: abiria hana helmeti. Abiria mwenyewe ni mimi. Helmeti ilikuwepo, imening'inia kwenye usukani, niliikataa kwa hiari yangu kwa sababu ilikuwa inanuka jasho la watu wote waliopakiwa wiki nzima. Aliyeandikiwa faini ni kijana wa watu. Mimi nikaenda kwa miguu na swali kichwani.

Kichwa ni changu. Nikianguka kikapasuka, nimepasuka mimi. Sijamwibia mtu, sijampiga mtu. Sheria inaingiaje hapo? Ukiangalia vizuri siyo helmeti tu. Viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku 2017. Mifuko ya plastiki 2019. Kilabu mwisho saa fulani, muziki mwisho saa fulani. Kila mwaka kinaongezwa kitu ambacho mtu mzima haruhusiwi kukiamua.

Msimamo wangu: sheria ziwe za wezi, wauaji na matapeli. Asiyemuumiza mwingine aachwe na maisha yake. Mwenye hoja tofauti aje nayo, nitasoma zote.

#2 Kijiwe Namba Tisa

Mimi ni boda, mwaka wa sita sasa barabarani, niko upande wa Tegeta. Mkuu umesema ukipasuka umepasuka wewe. Nikwambie kinachotokea ukipasuka. Ninashikiliwa mimi. Pikipiki inalala kituoni kama kielelezo, na ni ya mkataba, hesabu ya tajiri inaendelea kuhesabiwa kila siku hata kama tairi halijazunguka. Ndugu zako wanakuja kituoni wananitaka mimi. Na nikiachiwa, kijiweni hakuna abiria anayenikaribia, wanasema yule ndiye aliyeua.

Halafu jana umemwacha mwenzangu na faini ya 30,000 ukaenda zako kwa miguu. Hiyo ni hesabu ya siku tatu.

#3 Karani Mstaafu

Sahihisho dogo kwa #2. Faini ya pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000 kwenye bajeti ya 2021/22. Ukitozwa zaidi ya hapo kwa kosa moja, soma vizuri karatasi uliyopewa.

#4 Kijiwe Namba Tisa

Asante mzee, nilitaja ya zamani. Ila hata elfu kumi, aliyekataa helmeti ni abiria na aliyelipa ni dereva. Hilo bado lipo palepale.

#5 Abiria wa Mabibo

#2 nimekusoma, na yule kijana nitamtafuta nimrudishie hela yake. Lakini ona, unachonieleza ni ubaya wa namna polisi na ndugu wanavyomtendea dereva. Tungerekebisha hilo, si tungebaki na kichwa changu?

#6 Sista wa Zamu ya Usiku

Ni muuguzi, nimefanya wodi ya majeruhi miaka kumi na moja katika hospitali moja ya mkoa. Sitaitaja.

Nimesoma mara mbili sentensi ya "nimepasuka mimi". Wanaoandika hivi huwa wanafikiria kufa. Wengi hawafi. Aliyeumia kichwa anakuja hajitambui, anakaa wiki sita, anarudi nyumbani hajui jina la mtoto wake. Mkewe anaacha genge ili amgeuze kitandani asipate vidonda. Binti mkubwa anaacha shule amsaidie mama. Kiwanja kinauzwa. Damu aliyoongezewa imetoka kwa mtu, na usiku huohuo kuna mama aliyejifungua anatokwa damu naye anaihitaji damu ileile.

Takwimu ambazo Shirika la Afya Duniani limezitumia kwa miaka mingi ni kwamba helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwa mwendesha pikipiki kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Inavaliwa ikiwa imefungwa kidevuni. Ile ya kuweka juu kama kofia ya tarabushi hairudishi kitu, inaruka kabla hujafika chini.

Kwa hiyo kaka, kichwa ni chako siku zote mpaka siku ya ajali. Baada ya hapo tunakibeba wengine.

#7 Fundi Redio

Dada #6 umenigusa, ila hoja yako ikipewa nafasi haina breki. Sukari inaleta kisukari na miguu inakatwa, nani anamuuguza? Familia. Chips mayai kila usiku, nani analipia presha? Sisi wote. Kwa kipimo cha "wengine watakubeba" hakuna jambo la mtu lisiloihusu Serikali. Watakuja kutupimia chumvi mezani.

#8 Wakili wa Uswazi

Naomba niweke msingi wa kisheria, maana tunaongea kana kwamba jambo hili halijawahi kufika mahakamani.

Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba yetu kwa marekebisho ya 1984, na wananchi wakaanza kuweza kuzidai mahakamani mwaka 1988. Ibara ya 30 inasema haki hizo zisitumike kwa namna ya kuingilia haki za wengine au maslahi ya umma. Kwa hiyo mleta uzi, swali la kama sheria inaweza kupunguza uhuru wa mtu lilishajibiwa. Inaweza.

Kilichobaki ni kwa kiasi gani. Mahakama ya Rufani ililigusa kwenye shauri la Daudi Pete, 1991, lililohusu kunyimwa dhamana, kisha likakazwa kwenye shauri la Kukutia Ole Pumbun, 1993, ambapo ilibatilishwa sheria iliyomtaka mwananchi apate kibali cha Serikali kabla ya kuishtaki Serikali hiyohiyo. Vipimo ni viwili. Sheria isiwe ya kumwachia mwenye madaraka aamue apendavyo, iwe na kinga dhidi ya matumizi mabaya. Na isizidi kile kinachohitajika kufikia lengo lake.

#7, breki unayoitafuta ni hicho kipimo cha pili. Kumvalisha mtu helmeti kwa dakika ishirini ni kitu kidogo ukilinganisha na kinachookolewa. Kumpimia chumvi nyumbani kwake kunazidi mno.

#9 Fundi Redio

Na nani anapima? Wale wale.

#10 Mzee wa Gerezani

Vijana mnabahati ya kujadili helmeti. Mimi mwaka 1968 nilikuwa na miaka kumi na mitatu, hapa hapa Dar es Salaam, ilipotoka sheria ya kukataza sketi fupi. Operesheni Vijana. Mini, mawigi, dawa za kujichubua, suruali za kubana, vyote marufuku. Nilishuhudia Kariakoo wanawake wakiteremshwa kwenye basi na kundi la vijana, nguo zikichanwa mbele ya watu, na watu wazima wamesimama wanatazama. Dada mmoja alijificha nyuma ya gunia za mkaa akilia. Sijamsahau.

Waliofanya vile waliamini wanalinda utamaduni. Na kweli walikuwa na baraka za juu.

Halafu ikaja Nguvu Kazi, 1983. Huna kazi inayotambulika, unapakiwa kwenye lori kwenda kulima. Mama muuza maandazi naye akawa mzururaji. Nilimwona Kisutu mtu niliyecheza naye mpira utotoni akipandishwa lori na jembe hajui kulishika.

Kwa hiyo ninaposikia "maslahi ya umma" nauliza kwanza umma gani, na lori limepaki wapi.

#11 Karani Mstaafu

Shikamoo kaka yangu. Nakuunga mkono, ila tuandike sawasawa kwa ajili ya wanaosoma. Operesheni Vijana haikuwa sheria ya Bunge. Lilikuwa azimio la Umoja wa Vijana wa TANU, lilitangazwa Oktoba 1968 ili lianze kazi Januari 1, 1969. Yale uliyoyaona Kariakoo yalitokea kabla hata tarehe yenyewe haijafika. Nguvu Kazi ndiyo ilikuwa sheria kamili ya Bunge ya 1983.

#12 Mzee wa Gerezani

Marahaba. Basi umenisaidia zaidi. Yaani nguo zilichanwa bila hata sheria.

#13 Wakili wa Uswazi

Mzee #10, ndiyo maana Tume ya Jaji Nyalali, ile ya mfumo wa vyama, iliorodhesha sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, ikiwemo ile ya 1962 ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Hakuna mwanasheria makini anayesema kila sheria inayobana ni nzuri.

Ila ona na upande wa pili wa ushuhuda wako. Yule dada nyuma ya magunia alihitaji nini siku ile? Alihitaji sheria ya kuwazuia wale vijana, na askari wa kuitekeleza.

#14 Shosho wa Kayole

Hamjambo wa Bongo, mimi niko Nairobi.

Huku tuliyapitia haya na matatu. Februari 2004 Waziri John Michuki alisema kila abiria afunge mkanda, gari lisipite kilomita 80 kwa saa, na matatu ya Nissan ibebe abiria 14, si 18 tena. Jameni, wenye magari walitoa magari barabarani, tukatembea kutoka Kayole mpaka tao, mjini kati, asubuhi na mapema, viatu mkononi. Watu walimlaani. Baada ya miezi michache ukipanda matatu umekaa kiti chako mwenyewe, hakuna mtu amekukalia goti, ukaanza kusema heri. Sasa hivi zimelegea, konda anakuambia "songa, ni mtu mmoja tu". Na sisi abiria tunasonga.

Tofauti ni ile ya pombe, sheria ya 2010, wenyewe tunaiita ya Mututho, mbunge aliyeileta. Baa siku za kazi kufunguliwa saa kumi na moja jioni, kufungwa saa tano usiku. Nia ilikuwa nzuri. Kwangu mtaani iligeuka mlango wa nyuma na mkono wa polisi. Mlevi hakupungua, bei ndiyo iliongezeka ya kuwaangalisha pembeni.

Wakili, kwenye Katiba yetu ya 2010 ibara ya 24 inataka pia uulize kama kuna njia nyingine isiyobana sana. Na ibara ya 25 inataja haki zisizobanwa kamwe: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kesi ya haki, na kufikishwa mbele ya hakimu.

#15 Mangi wa Rombo

Mleta uzi amegusia viroba kama mzaha. Naomba niseme.

Mdogo wangu alikuwa anaanza saa moja asubuhi. Kiroba ni mia tano, kinaingia mfuko wa shati, unafungua kwa meno, hakuna anayejua kama ni maji ama nini. Makonda, wabeba mizigo, hadi watoto wa sekondari. Machi 1, 2017 vilipotoka dukani nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kwa kama miezi miwili yule kijana alikula chakula, akanenepa, akaanza kupalilia migomba ya mama.

Kisha akahamia gongo. Tumemzika mwaka juzi.

Sijui niiweke upande gani hadithi hii. Watu huniambia "unaona, marufuku haikusaidia". Mimi naikumbuka ile miezi miwili.

#16 Abiria wa Mabibo

Pole sana #15. Sikukusudia mzaha, nimekosea nilivyoandika.

#17 Jirani wa Manzese

Pole Mangi.

Nataka kumgeukia mleta uzi na kitu kimoja: kigodoro. Ijumaa spika zinafungwa mbele ya dirisha langu, mpaka alfajiri. Nina mama mgonjwa wa moyo na mtoto wa darasa la saba. Ukienda kulalamika unaambiwa "mtu na starehe yake, shughuli ya mwanangu, unaona wivu". Wanatumia maneno yako yaleyale. Hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyepigwa.

Hivi kelele ni kumuumiza mwingine au siyo? Na nani anaamua ni decibeli ngapi ndiyo maumivu?

#18 Abiria wa Mabibo

Hiyo ni kumuumiza mwingine, waziwazi. Hapo sheria iingie. Sijawahi kutetea kigodoro!

#19 Fundi Redio

Kengele, adhana na mkesha wa injili je? Tuendelee?

#20 Jirani wa Manzese

Fundi, adhana ni dakika chache. Mkesha wa spika nane nao nimewahi kuulalamikia, na nilitengwa nusu mwaka na watu wa kanisani kwangu mwenyewe. Kwa hiyo ndiyo, tuendelee.

#21 Bin Darajani

Asalaam aleikum. Mie wa Unguja, niko Muscat kikazi.

Nyote mnazungumza sheria ya kuandikwa. Kwetu mengi hayajaandikwa. Mchana wa Ramadhani mtu asiyefunga hali barabarani. Si lazima aone askari, anaona haya. Na mgeni asiyejua huambiwa kwa upole aingie ndani.

Tazameni neno lenyewe. Zamani pwani muungwana alikuwa mtu huru, asiyekuwa mtumwa wa mtu. Leo ukimwita mtu muungwana unasifu tabia zake: hasemi ovyo, hapigi kelele, anajua kungoja. Neno ni lilelile. Maana yake wazee wetu hawakumwona huru yule anayefanya atakalo. Huru ni anayejizuia mwenyewe pasi na kuzuiwa. Anayehitaji mgambo ili azime redio, huyo bado ana bwana, na bwana wake ni mgambo.

Kwa hivyo mie naona tukilea watoto vyema, nusu ya sheria hizi hazina kazi.

#22 Msomi wa Bagamoyo

Bin Darajani, umeandika vizuri hadi nimeogopa kukujibu, lakini lazima.

Muungwana alikuwa huru, sawa. Nani alimpikia, nani alimpalilia karafuu? Mtwana na mjakazi. Uungwana ule mzuri ulisimama juu ya mtu asiyekuwa na ruhusa hata ya kuoa bila bwana kukubali. Na haya unayoisifu haikumwachia hata mmoja wao. Waungwana walikuwa na adabu, wanaswali, wanatoa sadaka, na wanamiliki watu.

Kilichowazuia ni maandishi. Soko la watumwa Unguja lilifungwa 1873 kwa mkataba, tena Sayyid Barghash aliusaini akiwa ametishiwa na manowari za Waingereza. Utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya kisheria Unguja na Pemba 1897. Masuria hawakuhesabiwa humo, wakangoja hadi 1909. Tanganyika ilikuwa 1922. Mabwana walilalamika kwamba mali yao inaingiliwa, na 1897 wakaahidiwa fidia. Wao, siyo watumwa.

Basi mleta uzi, sheria ile ilipunguza uhuru wa mtu au iliuongeza? Jibu linategemea unamuuliza nani katika nyumba ile.

#23 Bin Darajani

Msomi, umesema kweli na sina la kuficha. Bibi mzaa bibi yangu alikuwa miongoni mwa hao wa 1909. Nyumbani hatulisemi.

Ila huku nilipo naona pia mipaka ya maandishi. Nina wenzangu ambao sheria ilishawapa haki wasiizoee, wanasimama mlangoni kwa tajiri kama wasio na haki. Vyote viwili vinatakiwa, na mie bado naanza na malezi.

#24 Mama Wawili

#22 amenipa ujasiri. Mnaongelea utumwa wa zamani, mimi naomba niseme la leo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 mzazi akiridhia, wakati mvulana ni 18. Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu, akashinda 2016, Serikali ikakata rufaa, na 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hukumu ile na kuitaka sheria ibadilishwe.

Niliwahi kumsikia baba mmoja kwenye kikao cha ukoo akisema "msiniingilie uhuru wangu na mwanangu". Uhuru wake. Binti alikuwa amekaa jikoni anasikia.

Mleta uzi hesabu upya. Kila ukisema "asiyemuumiza mwingine", angalia kama huyo mwingine ana nafasi ya kusema ameumia.

#25 Mtanzania wa Kigali

Habari. Nimechelewa uzi. Huku Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, saa mbili hadi saa tano asubuhi maduka yamefungwa, mnatoka kufyeka na kuzibua mitaro. Ukikosa bila sababu kuna faini ya faranga 5,000. Mwaka wa kwanza niliona ni kulazimishwa kazi. Sasa najua majina ya majirani zangu wote, kitu ambacho sikuwahi Sinza. Lakini kuna siku niliumwa na nikatoka hivyohivyo kwa kuogopa kuonekana mkaidi, na hilo silipendi mpaka leo.

Helmeti huku kila moto (ndiyo boda) inazo mbili, abiria anavaa, hakuna mjadala. Wenye nywele za kusuka wanatembea na kitambaa chao.

#26 Dada wa Rasta Ndefu

Hilo la kitambaa ndilo nililolisubiri tangu #1! Rasta nimesuka kwa muda wa saa tano, kwa elfu thelathini na tano, halafu nivae helmeti yenye mafuta ya watu? Wanaume mnajadili Katiba, sisi tuna mba.

#27 Sista wa Zamu ya Usiku

Mdogo wangu, rasta zako tukikupokea tunazinyoa tupate pa kushona. Nunua kofia nyepesi ya kitambaa, vaa chini yake. Osha kila jioni.

#28 Kijiwe Namba Tisa

Kijiweni tumekubaliana kuweka vitambaa. Tatizo abiria wanaondoka navyo.

#29 Abiria wa Mabibo

Wakuu, nimesoma vyote. Yule kijana nimempata, kakataa hela kwanza kisha kaipokea.

Kuhusu #22 na #24, nakubali kwamba nilikuwa nawaza uhuru wa mtu mmoja aliyesimama peke yake barabarani, na hakuna mtu kama huyo. Lakini Mzee #10 bado yuko upande wangu, na sijaona aliyemjibu sawasawa. Wakili kasema mahakama itapima. Yule dada wa 1968 angefika mahakama ipi?

#30 Wakili wa Uswazi

Asingefika. Wakati huo haki hizo hazikuwemo kwenye Katiba. Nakubali.

#31 Mzee wa Gerezani

Na leo angefika na nauli ya nani?

#32 Mama Wawili

Swali la mwisho kwa boda wetu. Leo asubuhi nimeona mshikaki wa watoto wa shule, wanne, mdogo kabisa kakalishwa mbele juu ya tangi, hakuna mwenye helmeti. Hao hawajachagua chochote. Mnawabebaje?

#33 Kijiwe Namba Tisa

Mama, nitakujibu ukweli. Nimewahi kubeba watatu. Mzazi anakuja kijiweni na watoto wake na hela ya mmoja, anasema ni hapo tu karibu. Ukikataa anamwita wa pembeni, na huyo wa pembeni anaendesha vibaya kuliko mimi, namjua. Wa mwisho ana miaka minne, mzazi wake hunilipa kwa mwezi. Huwa nampitishia mkono kifuani njia nzima, naendesha na mmoja.